Somo la Kwanza

Tukubaliane mapema tusipotezeane muda: siku hiyo mjinga alikuwa Fundi Picha. Mwenyewe ameshakubali, ingawa ilimchukua wiki tatu.

Fundi Picha alikuwa na miaka thelathini kazini. Enzi za kamera za filamu alifuta makunyanzi kwa penseli iliyochongwa kama sindano, wateja wakatoka studioni wamerudia ujana. Kompyuta aliijulia picha za pasipoti tu: kata, chapa, kwaheri. Lakini asubuhi ile mjane mmoja, mshonaji, alipoweka kadi ya kumbukumbu ya simu juu ya kaunta, Fundi alijibu bila hata kumeza mate.

"Simu yenyewe imekufa," mjane alisema. "Hii ndiyo picha pekee ya mume wangu. Yupo katikati ya watu. Naomba abaki peke yake, awe mkubwa. Tunazika kesho."

"Mama, hiyo naifanya nimefumba macho. Njoo saa kumi."

Mkewe Fundi aliichukua kadi, akaichomeka kwenye kompyuta, akabonyezabonyeza kidogo. Mjane alipotoka, mke akachana karatasi kwenye daftari lake na kuandika anwani ya mtandao.

"Masomo ya kuhariri picha, ya wanaoanza. Kumi na mawili, bure. Nimeyatafuta mwezi mzima. Kwingine vijana wanaongea kama wanafukuzwa na mbwa, huyu mwalimu anakwenda taratibu. Anza na la kwanza."

"Wanaoanza? Mimi?" Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Mama watoto, mimi nimeanza huyo mwalimu hajaota meno!"

Mkewe hakubishana. Alibeba bahasha za picha za wanafunzi akaenda kuzipeleka shuleni.

Alipobaki peke yake, Fundi alijitafutia masomo ya wakubwa. Kijana wa kwanza alisema "bonyeza hapa", na hiyo "hapa" kwenye kompyuta ya Fundi haikuwepo. Wa pili alimaliza kazi nzima kabla Fundi hajapata miwani. Saa nane ikagonga. Akatazama mlangoni kama mwizi, kisha akafungua anwani ya mkewe.

Somo la kwanza: Kabla ya yote, tengeneza nakala ya picha. "Ya watoto haya," akasema, akaruka hadi la tisa, Kumwondoa mtu kwenye picha.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Alimfuta jirani wa kushoto, ukuta ukajaa mahali pake. Akamfuta wa kulia, brashi ikateleza. Kompyuta ikamuuliza kama ahifadhi mabadiliko. Akabonyeza ndiyo, kwa adabu, akafunga ili apumzishe macho.

Alipofungua tena, marehemu alikuwa na nusu uso. Shavu la kulia lilikuwa ukuta, na kwenye ukuta lilichomoza sikio la jirani.

Fundi alibonyeza kurudisha nyuma. Hakukuwa na nyuma. Akaichomoa kadi, akaipuliza, akaichomeka. Sikio lilikuwa palepale. Shati likamganda mgongoni. Mtu huyu kesho anafukiwa, na uso wake wa mwisho duniani umefutwa na mkono huu hapa.

Mlango ukalia. Saa tisa na robo. Mjane.

Fundi alizima skrini kwa kiganja kizima, akavuta pazia lililotenga kompyuta na kaunta.

"Najua nimewahi, fundi. Nyumbani watu wamejaa, siwezi hata kulia. Nimwone kidogo tu."

"Wino, mama... wino haujakauka."

"Nitasubiri." Akakaa kwenye stuli ya wateja, mkoba mapajani. "Jana usiku niliamka nikajaribu kuikumbuka sura yake. Fundi, haikuja. Ndiyo maana nimekimbilia hapa."

Nyuma ya pazia Fundi alisikia saa ya ukutani ikimla dakika moja moja, na mjane akivuta pumzi. Alifikiria mlango wa uani. Alifikiria, Mungu amsamehe, kuunguza kompyuta.

Mkewe akaingia kwa huo mlango wa uani. Alimwona mumewe kalowa jasho, akawasha skrini, akaliona lile sikio.

"Nimemuua mara ya pili," Fundi alinong'ona. "Niliruka somo la kwanza. Nilijua ni la watoto."

Mkewe alifungua folda ya nakala aliyoitengeneza asubuhi, ameiandika Marehemu, usiguse. Mwanamume mzima akatokea, mashavu yote mawili, anacheka katikati ya jirani zake.

Pumzi ilipomrudia Fundi, ikarudi na kiburi chake.

"Kumbe ulikuwa nayo! Na hukuniambia! Mimi, fundi wa miaka thelathini, unaniacha nife kwa hofu ndani ya studio yangu mwenyewe?"

"Somo la kwanza si la watoto, na bado limekushinda?" mkewe alisema, akivuta kiti. "Basi sogea, mwanangu, mkubwa afanye kazi."