Pancha Isiyosikika

Kwa nini baba alilikataa beseni la maji? Binti alijiuliza hivyo huku akilisogeza kando. Yeyote anayeziba pancha nyumbani huuzamisha mpira wa ndani majini, akatazama mapovu yanapochomoza, basi. Lakini baba yake, aliyefanya uashi kwa miaka ishirini na minane, siku zote alijigamba kwamba maji ni ya wanagenzi. Yeye pancha huisikia kwa sikio.

"Profesa, ondoa bahari yako hapo," alimwambia. Alimwita hivyo tangu alipoanza chuo kikuu.

Toroli lilikuwa limelala kifudifudi uani, gurudumu juu. Mchanga wa kusakafia jiko la mama ulikuwa umerundikwa nje ya lango, na baba alitaka kuuingiza wote kabla ya Jumatatu, siku ya kurudi kazini kwenye jengo la ghorofa. Huko alijenga akiwa juu ya jukwaa, orofa ya nne, mahali ambapo mafundi huonyana kwa kupaza sauti. Jambo hilo ndilo lililomnyima binti raha. Tangu aje likizo, kila alipomwita baba kutoka nyuma, baba hakugeuka. Mama alisema ni uchovu tu.

Baba alilibandua tairi kwenye rimu kwa mpini wa kijiko.

"Hicho si kijiko changu kipya?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

Baba aliendelea na kazi.

"Fundi! Kijiko!"

"Eh? Kitarudi kikiwa na uzoefu."

Aliuchomoa mpira, akaupiga pampu ukavimba, akaanza kuuzungusha polepole usoni pake. Binti, aliyekaa hatua mbili kutoka hapo, aliusikia upepo ukitoka: shii, nyembamba, isiyokoma. Baba aliupitisha mpira sikioni bila kusita, akaushusha mdomoni, akaulowesha mdomo kwa ulimi, akazungusha tena mpaka upepo ukampuliza midomoni.

"Hii hapa!"

Mama aliangua kicheko. "Makubwa! Mimi mkeo sijabusiwa hivyo mwaka mzima, leo mpira wa toroli ndio umepata bahati!"

Baba naye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Binti alicheka pia, lakini akakoma kabla yao. Alihama, akachuchumaa mbele yake, uso kwa uso.

"Baba, sikio uliacha kulitumia lini?"

Baba alisugua mpira kwa msasa, akapuliza vumbi, akapaka gundi.

"Gundi hii lazima ikauke kidogo," alisema.

"Baba."

"Nimekusikia." Aliiweka gundi chini. "Nimekuona midomo, kusema kweli. Ni tangu mwaka jana. La kulia lilivuma, likavuma, likanyamaza. La kushoto linanipa nusu nusu."

"Na wenzako wakipiga kelele kwamba tofali linaanguka?" mama aliuliza. Alikuwa ameshawasogelea.

"Naangalia wanakokimbilia."

Aliikusudia iwe mzaha. Hakuna aliyecheka, naye mwenyewe akainamisha macho, akakibandika kiraka na kukikandamiza kwa dole gumba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Walirudisha mpira, wakarudisha tairi, wakajaza upepo. Kisha wakaanza kazi: binti akipakia, baba akisukuma, mama akisimamia kwa mdomo kama bosi. Gurudumu lilibaki gumu safari baada ya safari. Mara mbili mama alimgusa baba begani kabla ya kusema naye, na baba hakuonyesha kuudhika. Jua lilipokuwa linaelekea kushuka, rundo lote lilikuwa jikoni, nao watatu wameketi juu yake, wamechafuka kwa vumbi, wakipokezana kikombe cha maji. Binti alihisi moyo wake ukiwa mwepesi, ingawa bado alingoja baba aseme atafanya nini.

Baba alisimama, akawageukia ili awaone wote wawili.

"Jumatatu sipandi jukwaani," alisema. "Asubuhi nitakwenda hospitali nipimwe masikio. Nikitoka huko nitamweleza msimamizi ukweli, na nitamwomba kazi ya chini."