Upande wa Seth

Siku hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, Dodoma ilijaa vitu. Chipsi kila kona, mitumba, sabuni za kunukia. Anyesi wa Nzuguni yeye hakubadilika: hoteli yake ilipika ugali wa uwele na mlenda, basi. Ukitaka wali, alikuonyesha mlango.

Watu walimfuata hata kutoka Chemba, maana kwake sinia huliwa na wawili: wewe, na umtajaye asiyekuwepo. Unakula upande wako. Aliyetajwa, kama yu hai, upande wake unamegeka wenyewe. Kama amekufa, ugali unapoa mzima. Tena aliyetajwa huja na yeyote anayekula naye sahani moja huko aliko. Zipora, jirani yangu, alimtaja mwanawe askari, ikaja kambi nzima, ikamwachia sinia tupu.

Mimi nilimtaja Seth, mume wangu. Alikwenda Mererani kuchimba mawe, akaniambia miezi mitatu. Miaka minne ikapita, barua hakuna. Kaka yangu Stanley akasema niolewe, maji yakimwagika hayazoleki. Nikaendelea kwenda kwa Anyesi. Kila Jumamosi niliona tonge likimegwa pembeni, dole gumba limezama mpaka chini, namna ya Seth hasa. Anakula peke yake, nilijiambia. Mwanamume anayekula peke yake bado ana kwao. Nilimtamani sana, hata nikatamani kuwa lile tonge.

Jumamosi moja Seth alimega kama kawaida. Kisha, kando yake, pakachimbika kishimo kidogo, cha vidole vidogo kama maharage. Mlenda ukadondoka, ukachora njia hadi ukingoni mwa sinia. Kimkono nisichokiona kikarudi, kikakosa bakuli la mlenda, kikajaribu tena.

Mimi na Seth tulikaa miaka saba tukiomba mtoto.

Nilitaka kulipindua sinia, Mungu anisamehe. Anyesi alikuwa amesimama nyuma yangu, ameona yote.

"Niondoe, Penina?"

Nilitazama matone ya mlenda. Bakuli lilikuwa mbali naye.

"Acha kwanza," nilisema. "Huyu hajashiba."

Nikalisogeza bakuli upande wake, nikakaa mpaka alipoacha kula.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema. Nilimwomba Anyesi aupoze ugali kwanza, usije ukamuunguza.