Vifungo Vitatu Vilivyobaki

Shangazi, fundi cherehani, alikuwa akiomba jambo moja tu: siku binti wa marehemu kaka yake atakapotoa nguo zake kwenye mkoba na kuzitundika kabatini. Tangu aletwe, mkoba ulikaa nyuma ya mlango, zipu imefungwa, kama abiria anayeogopa kuachwa.

Ili amzoeshe nyumba, akampa kazi. Vifungo vyeupe thelathini na vinane, kila shati la kwaya vifungo saba. Avigawe kwenye vikopo, kitakachobaki amwambie. Binti akagawa, akasema hakikubaki kitu.

Shangazi hakuwa na desturi ya kuhesabu kilichokwisha kuhesabiwa. Alichokikuta kikoponi alikishona. Mpaka alipoyatundika mashati yote matano ndipo akaona: matatu yana vifungo vinane vinane.

Saba mara tano, thelathini na tano. Vitatu vilipaswa kubaki.

Binti alijikunyata, macho kwenye mkoba. Shangazi akacheka, akasema kwa kifungo hicho cha ziada shingoni, waimbaji hao watatu wangeimba kwa sauti ya mbuzi aliyekabwa. Kisha akamuuliza taratibu, kulikoni.

"Sikutaka vibaki peke yavyo. Vingetupwa."

Shangazi alihisi sindano moyoni. Akafumua vile vitatu, akateremsha kopo la bati kutoka rafuni, akavitia humo. Akamweleza kuwa vitatu havitoshi shati, hilo ni kweli, na kuvilazimisha ni kuharibu shati la mwenzio. Lakini katika nyumba hii, kilichobaki hakitupwi.

"Kinangoja wenzake, mwanangu."

Halafu akammwagia vifungo vya buluu, ishirini na vitano, vya mashati mengine. Binti akagawa polepole: saba, saba, saba. Vikabaki vinne. Safari hii hakuvificha. Alivitazama, akachungulia ndani ya kopo, midomo ikamchezacheza.

"Shangazi, vitatu na vinne ni saba."

"Ehe. Sasa shati hilo la nani?"

Binti akainamisha kichwa.  Shangazi akashika tepu, akampima mabega.

Walishona pamoja, cheupe juu, cha buluu chini, hadi vyeupe vikaisha na buluu ikamalizia. Lilikuwa shati la ajabu kidogo, na binti alikataa kulivua hata wakati wa kulala.

Asubuhi, Shangazi alipokuwa akifagia, ufagio uligonga kitu uvunguni mwa kitanda. Ulikuwa mkoba, mtupu, zipu wazi.