Sahihi ya Bu Rukmiati

Miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya malango ya viwanda nikiwatetea wafanyakazi, na kila meneja aliyetunyima likizo namkumbuka kwa jina. Jina la Bu Rukmiati, yaani Mama Rukmiati, ndilo nililojitahidi kulisahau.

Alikuwa msimamizi wa uhalali wa viungo katika kiwanda chetu cha peremende, Surabaya. Bila sahihi yake, mzigo wa nje hauingii jikoni. Wiki tatu kabla ya Lebaran, Idi yetu, ilifika jelatini, ule unga wa kugandishia utokanao na wanyama, kutoka ng'ambo. Cheti kilikuwepo, kimejaa mihuri. Akakataa.

"Taasisi iliyokitoa haitambuliwi hapa, Cak Ponidi. Na chenyewe hakijasajiliwa. Sheria inataka vyote viwili," akaniambia, akiniita Cak, yaani kaka.

"Si kimeandikwa halali? Au Kiarabu unakijua wewe peke yako?"

Watu wakacheka. Mashine zilikuwa zimesimama, na zikisimama, vibarua tunarudishwa nyumbani. Nikapanda juu ya kreti. Nikamwita kibaraka wa tajiri, anayeikalia riziki yetu kwa karatasi. Watu mia mbili wakampigia kelele: "Tia sahihi! Tia sahihi!" Akaichukua kalamu, akatia sahihi. Nikadhani huo ndio ushindi.

Baada ya Lebaran wakaja wakaguzi. Vipimo vikaonyesha nguruwe. Peremende zilikwisha kuliwa, na watoto wetu, na mama zetu waliofunga mwezi mzima. Tajiri akatoa barua ya kuomba radhi. Aliyefukuzwa ni Bu Rukmiati, kwa kuwa sahihi ni yake. Mimi nilitumia mdomo, na mdomo hauachi wino.

Lebaran iliyofuata nikaenda kwake, maana siku hiyo sote huombana msamaha nyumba kwa nyumba. Sebule ilijaa majirani. Nikainama, nikaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Bu, nisamehe, kwa ya nje na ya moyoni."

"Yapi, Cak?"

Swali hilo haliulizwi. Mtu husema "nami pia", akakukaribisha keki.

"Yote, Bu."

"Hayo kamwambie muuza tempe wa sokoni, ambaye hujamkosea. Mwaka mzima mtaa huu unaniita mlisha nguruwe. Hawa wanajua nilitia sahihi, hawajui kwa nini. Wewe si bingwa wa hotuba? Haya, hutubia."

Majirani wakaacha kutafuna.

"Mimi ndiye niliyewachochea watu," nikasema. "Yeye alikataa."

"Hatusikii huku!" akadakia bibi mmoja karibu na mlango.

Bu Rukmiati akauchomoa mkono wake.

"Umemsikia," akasema. "Sema kwa nguvu."