Posa Chini ya Paa la Polinesia

Watu wengine wakifiwa na wake zao huenda Umra. Kaka yangu Yaarub alinunua Polinesia.

Aliinunua kwenye mnada wa mtandaoni, ikaja kwa meli ndani ya makontena, na mafundi wakaisimamisha uani kwake Mawaleh, hapa Maskati, pale marehemu mkewe alipokuwa amepanda ndimu. Muuzaji alidai ni kipande cha banda la Polinesia, vile visiwa vya Bahari ya Pasifiki, lililosimama kwenye maonyesho ya dunia ya Nyuyoki mwaka wa sitini na nne. Lina paa refu lililochongoka, mianzi ya plastiki, taa zilizotengenezwa kwa samaki bunju waliokaushwa, na masanamu manne ya magogo yaliyotoa meno na ndimi. Tena lina mtambo ndani yake ambao, ukijisikia, hupiga radi na kumwaga mvua kutoka darini. Yaarub alitandika mazulia, akapanga mito, akaiita majlis yake, ukumbi wa kupokelea wageni. Mimi Sabah, dada yake, nilisema mbele ya ukoo mzima kwamba kaka yangu amerukwa na akili, na mpaka leo sijalirudisha neno langu.

Sasa sikilizeni balaa lake. Nadra, binti yake pekee, alimtaka Safwan, mhandisi wa Al Khuwair, mtaa wa humu humu mjini, na Safwan alimtaka yeye. Kijana ana adabu na kazi nzuri, na anatoka kwenye watu wa Unguja kama sisi. Lakini siku ya kwanza kuletwa nyumbani aliangalia lile paa akasema, kwa ukweli wa kitoto, kwamba watu wa Polinesia hawajengi hivyo. Akaeleza kwamba hilo ni banda la Wamarekani waliokuwa wakiota visiwa wasivyowahi kuvikanyaga, na kwamba hiyo mianzi ni plastiki. Yaarub alinuna kama aliyetukaniwa mama. Tangu siku hiyo akawa anasema waje tu kuposa, yeye atafumba mdomo mpaka wamalize maneno yao yote, kisha atawajibu neno moja, hapana. Nadra alilia mpaka macho yakavimba. Alikuwa hataki mwingine.

Walikuja Ijumaa baada ya alasiri, Safwan na babu yake, Mzee Shihab, mcha Mungu aliyetoka juzi tu kutolewa mtoto wa jicho, kavaa miwani nyeusi. Yaarub alikataa katakata kuyatoa masanamu. Tungefanya nini? Mzee kama yule umkaribishe katikati ya masanamu yanayotoa ndimi? Basi mimi na Nadra tukayavisha kanzu na kofia, tukayafunga shali mpaka puani, kisha tukajificha nyuma ya pazia.

Kwetu mgeni akiingia majlis huanzia mkono wa kulia na kumsalimu kila aliyekaa, mmoja mmoja. Mzee Shihab akaanza. Alilipa gogo la kwanza salamu, akashika mkono wa kanzu uliokuwa mtupu, akautikisa, akamnong'oneza mjukuu wake kwamba maskini huyu amekonda sana. La pili akaliuliza hali ya watoto. Safwan alikuwa anatoka jasho, lakini nani atamwambia babu yake mbele za watu kwamba anazungumza na kuni? Yaarub naye alikuwa amekwishaufumba mdomo wake, hata salamu hakuijibu. Nilitamani zulia linifunike.

Mzee akafika kwenye gogo kubwa, lililowekwa mahali pa mkubwa wa nyumba, akakaa mbele yake kwa heshima. Akamsifu Mungu, akamswalia Mtume, akataja ukoo wake na wetu, kisha akasema, "Tumekuja kumtaka binti yenu Nadra kwa kijana wetu Safwan. Mnasemaje?"

Gogo likanyamaza. Yaarub akanyamaza, anangoja mzee amalize ili aitoe ile hapana yake. Hapo mtambo ukajisikia. Radi ikapiga, mvua ikatumwagikia Mawaleh, ndani ya nyumba, katika mji ambao mawingu tunayaona kwa kubahatisha.

"Kimya ni ridhaa, na mvua ni rehema," akasema mzee huku maji yanamchuruzika ndevuni. "Alfatiha."

Safwan akainua mikono haraka kuliko nilivyowahi kumwona mtu akiinua mikono. Mimi na Nadra tukasoma nyuma ya pazia. Fatiha ikishasomwa, neno limetoka.

Yaarub akasimama, kanzu imemganda mwilini. "Mzee wangu, niwie radhi," akasema. "Huyo uliyemuuliza ni gogo. Wote uliowakuta humu ni magogo isipokuwa mimi."

Mzee Shihab akavua miwani akaifuta.

"Nnajua, mwanangu. Nimeshika mikono mitupu mpaka nimechoka. Lakini gogo nimelisalimu halikuitika, na wewe nimekusalimu hukuitika. Nimeuliza, mmenyamaza nyote. Mimi nitajuaje yupi ndiye baba wa binti?"

Kaka yangu akakaa chini kwenye zulia lililorowa, na sauti iliyomtoka sikuwa nimeisikia tangu siku ya mazishi ya mkewe.

"Basi mimi nitakaa na nani humu ndani?"

Moyo uliniuma. Miaka yote hii nilidhani ni ujinga wa mianzi, kumbe mtu alikuwa anajijazia nyumba. Nadra hakungoja ruhusa. Alilisukuma pazia, akapita mbele ya wageni bila kuwatazama, akapiga magoti majini mbele ya baba yake.

"Baba," akasema, "nnaolewa Al Khuwair. Siendi Polinesia."

Yaarub akacheka huku machozi yanamtoka. Na kwa kuwa mwenye nyumba amecheka, nikaenda jikoni kuleta halua.