Meza ya Saa Kumi na Nusu

Kwa miaka thelathini na minane Delmer Lueken alitoka kazini saa kumi alasiri na kufika nyumbani saa tisa na nusu, na hakuna mgeni aliyewahi kuondoka jikoni kwake bila kusimuliwa maajabu hayo. Kiwanda cha samani alichofanyia kazi kilikuwa mjini Jasper, kwenye saa za haraka. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa nusu saa kusini, kaunti ya pili, ambako saa ziko nyuma kwa saa moja nzima. Watu wa upande huo wa Indiana huziita saa za polepole, wala hawaoni cha kuchekesha. Ndiyo maana juu ya friji la Verna, mkewe, kulikuwa na saa mbili za ukutani. Ya kulia, ya polepole, ilikuwa ya kanisa, ya shule na ya majirani. Ya kushoto, ya haraka, ilikuwa ya Delmer.

Saa ya Delmer ilipogonga kumi na nusu, chakula cha jioni kilikuwa mezani. Majirani waliwacheka wee mpaka wakachoka. "Hawa wanakula chajio jua liko utosini," walisema. Verna hakujali. Mtu aliyeamka alfajiri kupiga randa mbao hasubiri giza ndipo ale.

Delmer alifariki Machi ya mwaka juzi. Oktoba saa ya kushoto ikasimama, betri imekwisha. Verna aliiona, akaipangusa vumbi, akaiacha. Katika nyumba ile hapakuwa tena na mtu wa kuwahi saa za haraka.

Kisha binti yake, Rhonda, anayekaa Jasper, akaja siku moja na kompyuta kwapani na habari ya safari. Watakwenda Florida, kwenye ile bustani kubwa ya michezo, wao watatu: yeye, mama yake, na Maci, binti yake wa miaka kumi. Alifungua jedwali lenye rangi sita. Kila siku ilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na asubuhi, mchana na jioni.

"Hii ya njano ni nini?" Verna akauliza.

"Ni mikahawa, Mama. Lazima tubuki mapema. Nafasi zinafunguliwa siku sitini kabla, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Ukichelewa dakika tano, utakula soseji umesimama."

"Siku sitini! Mimi sijui kesho nitataka kula nini, wewe unataka nijue nitataka nini baada ya siku sitini?"

"Ndiyo dunia ya sasa."

"Baba yako hakubuki hata siku moja. Mara tatu tumekwenda, mara tatu tukaingia kwa miguu yetu tukakaa."

"Mama, hiyo ilikuwa themanini na nne. Wakati huo hata mimi nilikuwa na meno ya utotoni."

Mwaka ule ulikuwa umemkaa Verna rohoni. Aliukumbuka mkahawa wa kuku wenye sakafu ya mbao na dirisha linalotazama farasi wa kuzunguka. Delmer alikuwa katika shati lake la mikono mifupi, amesimama mlangoni kama mwenye nyumba. Alisema, "Tuko wanne, na tuna njaa," na yule dada wa mlangoni akawapeleka moja kwa moja hadi dirishani. Sinia la kuku wa kukaanga likaja, na bakuli la viazi vya kuponda, na maharage mabichi. Rhonda na kaka yake waliwapungia mkono farasi. Delmer alichukua paja la mwisho akamwekea mkewe kwenye sahani bila kumuuliza, na Verna alijiona ni mwanamke tajiri kuliko wote katika Florida nzima.

"Ule mkahawa wa kuku bado upo?" aliuliza.

"Upo. Na ndio mgumu kuliko yote."

"Basi huo niachie mimi. Mingine yote chukua. Huo nitaubuki kwa mkono wangu."

Rhonda alimtazama mama yake, akautazama mkono wenyewe, uliokuwa ukishika simu kana kwamba itamwagika. "Sawa, Mama," alisema. "Siku ya nne. Usikose."

Verna hakutaka kukosa. Alitaka kuketi dirishani pale mara moja tena kabla naye hajaitwa, na alitaka ajue kwamba meza hiyo ameitafuta mwenyewe, kama Delmer alivyokuwa akiitafuta. Hilo tu.

Siku ilipofika aliamka mapema, akachemsha kahawa, akavaa miwani, akaweka tableti mezani na karatasi ya Rhonda yenye maelekezo. Akaitazama saa ya ukutani. Kumi na mbili kasoro tano. Alingoja, kidole juu ya kioo. Mshale ulipogusa kumi na mbili, akabonyeza.

Hakuna nafasi.

Akabonyeza chakula cha mchana. Hakuna. Akabonyeza kifungua kinywa, ingawa nani anakula kuku asubuhi. Hakuna. Alifikiri, watu gani hawa wenye vidole vya umeme? Ndipo akaona ujumbe wa Rhonda juu ya kioo: "Umepata, Mama?" Ulikuwa umetumwa saa kumi na moja na dakika ishirini.

Aliusoma mara mbili. Mbona mtoto anauliza kabla ya wakati? Akainua macho juu ya friji, upande wa kushoto, kwenye saa iliyokufa. Florida ni saa za haraka. Kumi na mbili ya Florida ilikwishapita jikoni kwake saa nzima iliyopita, yeye akiwa bado anapaka siagi kwenye mkate. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Miaka thelathini na minane ameishi chini ya saa mbili, amepika kwa moja na kusali kwa nyingine, na leo amepotea kama mgeni. Aliandika kwa kidole kimoja: "Nimepata." Kisha akazima tableti, akaifunika kwa kitambaa cha vyombo.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa ya siku sitini, na Verna aliitembea yote. Kila Jumapili Rhonda alipopiga simu, yeye aliuliza habari za viatu, mvua, au meno ya Maci. Alitumaini kwamba mtu fulani, mahali fulani, angeumwa tumbo na kuiachia meza. Kila asubuhi aliingia kutazama. Hakuna aliyeumwa.

Siku ya nne, bustanini, waliketi kivulini baada ya saa saba. Maci alikuwa na masikio ya sungura kichwani na rangi ya bluu mdomoni. Rhonda alikuwa anapitia jedwali lake simuni.

"Haya, Mama. Leo ndiyo zamu yako. Kuku ni saa ngapi?"

Verna alitazama viatu vyake. "Hakuna kuku."

"Hakuna vipi?"

"Nilikosa. Nilifuata saa ya jikoni. Nikasahau kwamba Florida ni saa za haraka. Nikakudanganya, mwanangu. Nisamehe."

Maci aliacha kulamba barafu yake. "Bibi, ulidanganya? Bibi!"

"Wee nyamaza," Rhonda alimwambia, lakini kwa upole. Kisha naye akatazama viatu vyake. Akabonyeza simu, akamsogezea mama yake. Ilikuwa meza ya watu watatu, mkahawa wa kuku, leo, saa moja na dakika kumi jioni.

Verna aliisoma. "Nani kaweka hii?"

"Mimi. Asubuhi ile ile. Saa kumi na mbili na dakika moja."

"Kwa hiyo ulijua nitashindwa."

"Sikujua. Niliogopa tu. Nikasema ukipata, nitaifuta yangu. Ukaandika umepata, lakini nilikusikia kwenye simu, Mama. Wewe hujawahi kuniuliza habari za viatu maisha yako yote. Nikangoja uniambie."

Iliwauma wote wawili, na hakuna aliyejua nani aanze kukasirika. Verna alipaswa kushukuru: kuku yupo, meza ipo. Badala yake alihisi kama mtu aliyekatiwa nyama sahanini na mwanawe mbele ya wageni.

"Unajua nini," alisema mwishowe. "Ile saa ya kushoto, sikuitia betri. Baba yako ndiye aliyekuwa wa saa za haraka. Mimi nilikuwa napika tu. Alipoondoka nikaona, ya nini tena."

Rhonda alimshika mkono, ule ule wa kushikia simu.

"Tena saa moja jioni," Verna akaendelea, akijifuta macho, "saa moja jioni baba yako alikuwa keshavua viatu, anakoroma kwenye kiti. Hatukuwahi kula hapa saa moja. Tulikula saa ngapi, unakumbuka?"

Rhonda alifikiri. Kisha uso wake ukabadilika taratibu. "Saa kumi na nusu."

"Saa kumi na nusu! Nani mwingine alikuwa na njaa saa hiyo? Mkahawa ulikuwa mtupu! Na mzee yule akatutembelea kifua mbele kurudi mpaka Indiana, eti ana bahati na meza."

Rhonda alicheka mpaka akainama. Maci naye alicheka kwa kuwaona wao wanacheka. Saa kumi kasorobo walikuwa mlangoni pa mkahawa. Nje palikuwa na watu, si kama zamani, na Verna alianza kusita. Rhonda alimsukuma kidogo mgongoni.

"Mna nafasi mliyoweka?" aliuliza msichana wa mlangoni.

"Hatuna," Verna alisema, na mbele ya binti yake mwenye nafasi simuni huo nao ulikuwa uongo, lakini wa aina nyingine. Akasimama wima. "Tuko watatu, na tuna njaa."

Msichana alitazama kioo chake, akatazama masikio ya sungura. "Mkiwa tayari kungoja dakika kumi na tano, ninayo moja. Lakini iko karibu na jiko. Si ya dirishani."

"Tutangoja."

Rhonda alitoa simu. Alikaa ameiangalia kitambo, yeye asiyewahi kufuta kitu chochote kwenye jedwali lake. Kisha akaifuta meza ya saa moja na dakika kumi. "Kuna mama mahali fulani simu yake inalia sasa hivi, kumwambia meza imepatikana," alisema.

Kutoka pale karibu na jiko farasi hawakuonekana, ila muziki wao ulisikika kila mlango ulipofunguliwa. Sinia lilikuja. Kuku alikuwa na chumvi nyingi kuliko zamani, na viazi havikupondwa sawasawa. Walikula wote kama watu waliotoka kazini. Lilipobaki paja moja, Rhonda alilichukua akaliweka kwenye sahani ya mama yake. Hakumuuliza.

Verna alilitazama paja lile. Akatazama saa ya mkononi mwake, ambayo hakuibadilisha tangu walipoondoka nyumbani. Ilisema saa tisa na nusu. Kule kwao, kwa saa ya polepole, ndio wakati pikapu ilikuwa inaingia uani, na yeye anafunika sufuria na kuwaita watoto waje kunawa mikono.

"Rhonda," alisema.

"Naam, Mama."

"Tukirudi, unikumbushe kununua betri."