Kibao cha Bi Hajira

Pantaleo alikuwa amechoshwa na moshi kuliko alivyochoshwa na maisha. Chumba chake kimoja cha kupanga pale Ilala kilikuwa nyumba na karakana: kitanda huku, mashine ya leza ya kuchongea vibao kule. Kila leza ilipounguza ubao, macho yalimwasha na koo likakauka. Alipoutolea moshi dirishani, wapangaji wenzake walikuja juu, eti nguo zao kwenye kamba zinanuka. Basi akanunua feni na bomba kwenye maduka ya Gerezani, akatoboa dari, akausukumia moshi huko juu. Wiki nzima alipumua kama binadamu.

Ila nyumba ile dari yake ilikuwa moja kwa vyumba vyote sita, tena imejaa matundu. Pantaleo alilijua hilo. Alichoka tu kulifikiria.

Asubuhi moja Bi Hajira, mama mwenye nyumba aliyeishi chumba cha jirani, aligonga mlango, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, humu ndani kuna mtu anachoma vitu, tunakohoa kutwa. Hebu nichongee kibao nikigongomelee pale koridoni: Marufuku kufukiza moshi."

Pantaleo alitaka kusema ni yeye. Badala yake akaitikia tu, na mama alipoondoka, akaweka ubao, akawasha mashine, feni ikaanza kunguruma.

Hajafika hata herufi ya tatu, kikohozi kikalipuka upande wa pili wa ukuta.

"Pantaleo!" Bi Hajira akapaza sauti. "Fanya haraka hicho kibao, baba. Huyo mshenzi kaanza tena!"